Swali la Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na minne Mama Chapa alichapa tasnifu za watu wengine. Duka alilofanyia kazi lilikuwa mkabala na geti la chuo: chumba kimoja, mashine mbili za kunakili, kompyuta tatu, na feni iliyozunguka kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Wanafunzi walimletea maandishi ya mkono, baadaye flashi, baadaye picha za kurasa kwenye simu, naye akayageuza yakawa vitabu vyenye jalada gumu na herufi za dhahabu. Kazi za namna hiyo humpa mtu elimu ya kuokotezaokoteza. Alijua sura ya tatu inatakiwa iseme nini na ya nne isiseme nini. Siku moja kijana wa uzamili alikuja kuchukua kazi yake, kavaa suti, kumbe sura ya mwisho hakuwahi kuiandika. Mama Chapa alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Hitimisho lako umelisahau nyumbani, mwanangu. Nenda kalilete."

Jina hilo la Mama Chapa alipewa na wanafunzi, likamfuata hadi nyumbani. Hata mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alilitumia. Na ni mumewe huyo aliyemwambia, mwaka aliotimiza miaka thelathini na tisa, "Umewachapia wenzio vya kutosha. Sasa jichapie mwenyewe."

Akajiandikisha shahada ya mifumo ya kompyuta, masomo ya jioni. Fundi bomba akaanza kuchukua kazi hata Jumapili ili ada ipatikane. Mama mkwe, waliyekuwa wakiishi naye, akajitwika kuwaangalia watoto na kuwauliza kila jioni kama wamefanya kazi za shule, ingawa yeye mwenyewe hakujua kusoma na watoto walikuwa wakimwonyesha daftari la jana. Miaka mitatu na nusu ikapita hivyo. Kikabaki kitu kimoja tu: tasnifu.

Mada aliipata dukani. Asubuhi moja mteja alikuja kunakili karatasi ndogo, akalipa, akaondoka na nakala, karatasi yenyewe akaiacha juu ya kioo cha mashine. Mama Chapa alipofunua kifuniko aliona maneno kumi na mawili ya kawaida kabisa, yameorodheshwa kwa kalamu nyekundu. Alimkimbilia hadi barabarani. Yule mtu alipoiona karatasi yake alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Ndipo akamweleza kwamba ana akiba yake katika sarafu za mtandaoni. Kwamba huko hakuna benki wala meneja wa kumlilia. Kwamba pochi ya sarafu hizo hufunguliwa kwa maneno hayo kumi na mawili, na yeyote aliye nayo ndiye mwenye mali.

"Na ulikuwa unayanakili kwenye duka la watu?" akamuuliza.

"Nilikuwa naongeza usalama," mtu yule akajibu.

Mama Chapa alicheka njia nzima akirudi dukani. Lakini jioni ile, darasani, aliandika juu ya ukurasa mtupu: Namna watumiaji wa sarafu za mtandaoni wanavyolinda pochi zao.

Tatizo likawa kuwapata watu wenyewe. Wenye sarafu hizo hawajitangazi. Hapo ndipo alipoingia shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba. Alipomaliza shule alikuja kukaa kwao kwa mwaka mmoja, ikawa sita. Mama Chapa ndiye aliyemfundisha kuchapa kwa vidole kumi, ndiye aliyemtafutia nafasi ya kujifunza ufundi wa simu, na ndiye aliyesaini kama mdhamini alipokodi kibanda chake mtaa wa pili kutoka dukani. Watoto walimpenda baba yao mdogo kuliko walivyompenda yeyote. Kibandani kwake zilipita simu za mtaa mzima, na mwenye sarafu za mtandaoni hukosa raha simu ikimzimikia hata saa moja, kwa hiyo shemeji aliwafahamu wote.

"Shem, usihangaike," alimwambia. "Mimi nitakupangia. Kila siku watano, wewe njoo na makaratasi yako tu."

Na kweli akampangia. Nyuma ya kibanda palikuwa na nafasi ya viti viwili vya plastiki na pazia. Mama Chapa alikaa pale kila jioni kabla ya darasa, dodoso likiwa juu ya ubao wa kuandikia, kila aliyeingia akimsomea kwanza ile fomu ya ridhaa, neno kwa neno, hata wale waliosema wameshaelewa. "Jina lako halitaandikwa kwenye majibu. Utakuwa namba tu. Unachoniambia kitabaki kwangu na kwa msimamizi wangu."

Mtu wa tisa alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mrefu aliyenyoosha suruali zake kwa pasi hadi mkunjo ukakata kama wembe. "Miaka thelathini nimewaita watoto kwa namba," alisema, "leo na mimi nimepata yangu." Wa thelathini na moja alikuwa msusi mwenye saluni yake karibu na kituo cha mafuta. Alijibu huku akitazama saa, maana alimwacha mteja nusu ya kichwa.

Maswali yalikuwa ishirini na sita. Mengine yalikuwa mepesi: umri, kazi, umeanza lini, nywila yako ina herufi ngapi. La kumi na saba ndilo lililokuwa uti wa mgongo. Maneno yako ya siri umeyahifadhi wapi? Kwenye karatasi, kwenye picha ndani ya simu, kichwani, kwa mtu unayemwamini, au pengine?

Msimamizi wake, mhadhiri mkavu asiyependa salamu ndefu, alilizungushia duara. "Hili lina makali. Una uhakika unalihitaji?"

"Bila hilo sina tasnifu," Mama Chapa akajibu.

"Basi majina yakae mbali na majibu. Yasikutane."

Alitii. Majina na namba aliyaandika kwenye daftari, daftari akalifungia kabatini nyumbani, ufunguo akauweka kwenye pochi yake ya mkononi. Majibu aliyaingiza kwenye kompyuta yake mpakato kwa namba peke yake. Watu hamsini na wawili. Kumi na wanne kati yao walikuwa wamepiga picha maneno yao na kuyaacha ndani ya simu. Alipoona idadi hiyo alifurahi kama mvumbuzi; sura ya nne ilikuwa imeanza kujiandika yenyewe.

Kompyuta ile ilizimika wiki moja kabla hajamaliza uchambuzi. Akampelekea shemeji. Baada ya siku mbili aliirudisha inawaka, kila faili mahali pake, na hakutaka hata senti. "Nimekuwekea na nakala kwangu, shem, isije ikakufia tena." Mama Chapa alimwombea dua mbele ya mama yake.

Mwalimu mstaafu alikuja dukani siku ya Jumanne, saa za mchana ambapo wanafunzi wako darasani. Alisubiri hadi mteja wa mwisho atoke. Kisha akasogea hadi kwenye kaunta, akaweka mikono yake miwili juu ya kioo.

"Pochi yangu imekombwa," alisema kwa sauti ya chini. "Siku tatu zilizopita. Hakijabaki kitu."

"Pole sana, mwalimu. Umebonyeza kiungo chochote? Kuna mtu alikupigia?"

"Sijabonyeza wala sijapigiwa. Ile picha ya maneno niliificha katikati ya picha za zamani za ubao, ungezitafuta siku nzima. Hata mke wangu hajui kama ipo. Nilimwambia mtu mmoja tu, nyuma ya lile pazia. Nimekuja kukuuliza kwa heshima. Wewe ulimwambia nani?"

Mama Chapa alishika pochi yake. "Mwalimu, majibu yako hayana jina lako. Majina yako kabatini kwangu, na ufunguo ninao hapa."

Alimwonyesha ufunguo. Mwalimu aliutazama kama mtu anavyotazama jibu la mwanafunzi anayempenda lakini amekosea. Akashukuru, akaondoka.

Nyumbani alimweleza mumewe. Fundi bomba alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Simu yake aliwahi kuipeleka kwa mdogo wangu?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kesho nitapita kwake, labda amesikia lolote."

Kesho yake alirudi amechelewa kidogo, akavua viatu vyake vya kazi mlangoni, akasema, "Nimeongea naye. Hajui lolote. Wazee hawa, mke wangu, mtu anabonyeza kitu asubuhi, jioni amesahau." Kisha akaenda kunawa, akanawa muda mrefu. Mama Chapa hakuona ajabu yoyote. Mikono ya fundi bomba hainawiki mara moja.

Akaendelea na sura ya tano. Zilibaki wiki tano kabla ya kuitetea tasnifu mbele ya jopo, na mwalimu mstaafu akabaki kama mwiba mdogo ambao mtu huusikia akikanyaga vibaya tu.

Siku ya kumi na saba baada ya hapo, Jumamosi kabla ya saa sita, msusi aliingia dukani bado amevaa aproni yake. Wanafunzi wanne walikuwa kwenye foleni. Yeye hakupanga foleni.

"Mama Chapa, mimi si mtu wa kelele. Nataka kujua kitu kimoja. Lile dodoso ulilifanyia nani?"

"Lilikuwa la chuo, dada. La tasnifu yangu."

"Basi tasnifu yako imenisafisha. Hela ya kupanua saluni, miaka miwili naiweka kidogokidogo. Juzi nimefungua nakuta sifuri."

Foleni nzima iligeuka. Mama Chapa alimvutia pembeni, karibu na katoni za karatasi, akamuuliza kama simu yake ilikuwa imetengenezwa hivi karibuni.

"Wiki iliyopita. Sehemu ya kuchajia."

"Kwa nani?"

Msusi alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Kwa shemeji yako, kwa nani mwingine? Kwani nilikujuaje wewe?"

Mama Chapa alivua miwani, akamwomba mwenzake ashike duka, akatoka. Anasema hakumbuki kuvuka barabara. Anakumbuka tu kwamba njiani alikuwa akimtetea shemeji kichwani kwake: kwamba simu zote za mtaa hupita pale, kwamba majina yako kabatini, kwamba kijana aliyemlea hawezi. Alifika akiwa ameshamwamini tena.

Shemeji hakuwepo kibandani. Alikuwa amevuka kununua risasi ya kulehemu, akaacha mlango umerudishwa tu. Mama Chapa aliingia kumsubiri. Juu ya meza palikuwa na simu tatu zilizofunguliwa, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, na ule mkeka wa mpira wa bluu ambao mafundi hufanyia kazi juu yake. Chini ya mkeka pembe ya karatasi ilikuwa imechomoza. Mtu mwingine asingeiona. Lakini yeye alikuwa amechapa kurasa elfu nyingi maishani, na aliijua kazi yake kwa upana wa pambizo tu, kabla hajasoma neno.

Akaivuta. Lilikuwa jedwali lake. Safu ya namba na safu ya swali la kumi na saba. Nyingine zote zimefutwa. Pembeni ya zile namba kumi na nne za waliopiga picha maneno yao palikuwa na aina za simu, kwa mwandiko wa kalamu. Namba nne zilikuwa na alama ya vema. Ya tisa ilikuwamo. Ya thelathini na moja ilikuwamo.

Shemeji aliingia, akamwona, akaiona karatasi. Hakukimbia wala hakukataa. Aliweka risasi mezani polepole.

"Nilitaka kukwambia, shem."

"Lini? Ukimaliza orodha?"

"Hujui walivyonifanya. Hao watu wa sarafu ndio walionivuta. Walinishawishi nitie kila nilichokuwa nacho kwenye sarafu moja mpya. Wao wakatoka mapema kimyakimya, mimi nikabaki nimeishika ikiwa si kitu. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole."

"Mwalimu ndiye aliyekuvuta?"

Alitazama chini. "Mwalimu hapana."

"Msusi?"

"Naye hapana."

"Majina niliyafungia. Ulijuaje huyu ni nani na yule ni nani?"

Shemeji alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza. "Shem, uliwapa namba kwa jinsi walivyokuja. Nani alikuwa anawapanga waje?"

Mama Chapa alikaa kwenye kiti cha plastiki, kilekile alichowahojia watu. Aliona kila kitu kwa mpigo. Alikuwa amefunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, na orodha yote ilikuwa kichwani mwa mtu aliyekuwa akimletea wageni. Nakala ya kompyuta ilimpa majibu. Kilichobaki kilikuwa kusubiri simu ya mwenye namba iharibike, na kama haiharibiki, kumwambia inahitaji kusafishwa.

Aliikunja karatasi, akaitia kwenye pochi. Shemeji alimsogelea. "Shem, tafadhali. Muulize kaka. Kaka alisema tusubiri kwanza uitetee tasnifu yako."

Maneno hayo aliyatoa kama mtu anayeomba msaada. Hakujua alichokuwa amekisema.

Fundi bomba alikuwa uani, amechuchumaa, anafunga utepe mweupe kwenye kichwa cha bomba la jirani. Mama Chapa alisimama mbele yake, akamkingia jua.

"Ulikuwa unajua?"

Aliendelea kuzungusha utepe mizunguko miwili zaidi, akaukata kwa meno. "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia habari za mwalimu. Nilimfuata mdogo wangu, nikambana, akasema yote."

"Ukarudi ukaniambia hajui lolote."

"Nilimwapisha aache. Akaniapia kwa jina la baba."

"Msusi amekombwa juzi."

Hapo ndipo alipoinua uso. Mama Chapa aliona kwamba hilo hakuwa analijua, na kwa muda mfupi alimhurumia, kisha huruma ikapita.

"Zilikuwa zimebaki wiki tano tu," fundi bomba alisema. "Miaka minne, mke wangu. Nilikuona ukisinzia juu ya vitabu, nikakuona ukienda darasani na homa. Nilijua nikikuambia utakwenda kwa msimamizi wako siku hiyohiyo. Nakujua wewe."

"Ndiyo. Ningekwenda."

"Basi ndiyo maana."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi, lakini alikuwa amesikia vya kutosha. "Mwanangu," alimwambia Mama Chapa, "ni mdogo wa mumeo. Ulimlea mwenyewe. Mambo ya ndani tuyaongee humu ndani, tumwite, arudishe, yaishe."

"Mama, walioibiwa si wa ndani," alijibu. "Wao wako nje, na waliniamini mimi."

Akaingia chumbani, akafungua kabati, akatoa daftari. Alikaa kitandani akaanza kupiga simu, kwanza wale kumi ambao namba zao hazikuwa na alama.

Hakuwaeleza mengi. "Usiniambie chochote. Fungua pochi mpya leo, hamisha kila kitu, maneno mapya yaandike kwenye karatasi. Yale ya zamani yamejulikana." Wengine walimshukuru. Mmoja alimtukana matusi ambayo hakuwahi kuyachapa hata katika tasnifu za lugha. Mwingine alicheka: "Naona siku hizi wezi mmeajiri akina mama. Sauti nzuri kweli." Akakata. Ilibidi Mama Chapa avae viatu amfuate hadi kazini kwake, kwenye karakana ya magurudumu, amwonyeshe kitambulisho cha chuo. Kufikia jioni ile kumi wote walikuwa wamehamisha. Waliobaki kati ya hamsini na wawili aliwapigia kwa siku mbili zilizofuata, hata wale ambao hawakuwa hatarini, kwa sababu aliwaahidi na wao pia.

Kwa mwalimu alikwenda mwenyewe. Mzee alimkaribisha sebuleni, akasikiliza habari yote ya shemeji, akavaa miwani, akaisoma karatasi kama anayesahihisha mtihani, hadi alipofika namba tisa.

"Hesabu ndogo sana," alisema. "Mtoto wa darasa la nne angeifanya."

"Mimi sikuiona, mwalimu."

"Hukuiona." Alikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake. "Nikienda polisi, utaandika ushahidi?"

"Nitaandika."

"Ni shemeji yako."

"Ndiyo."

Alimsindikiza hadi getini. Pale akasema neno ambalo Mama Chapa aliondoka nalo: "Kwa wizi sikulaumu. Nakulaumu kwa ile ahadi. Ulinisomea kwa sauti, nikaona huyu mtu anajua anachoahidi."

Waliandikisha maelezo polisi pamoja Jumatatu, yeye, mwalimu, msusi na mtu wa tatu aliyekombwa. Wa nne alikataa kuja; alisema hataki mkewe ajue kama alikuwa na akiba. Shemeji alikamatwa kibandani siku hiyohiyo, bisibisi mkononi. Alikuwa bado na sehemu ya sarafu zile, hizo zikarudi. Nyingine alikuwa ameshazitumbukiza kwenye sarafu mpya, akijaribu kurudisha za kwanza. Alihukumiwa miaka miwili. Mama yake aliondoka siku ya hukumu, akahamia kwa binti yake mkubwa. Hakugombana na mtu. Alikunja nguo zake, akawabusu watoto, akamwambia Mama Chapa, "Wewe ni mtu wa haki. Mimi ni mama yake," akapanda gari.

Msimamizi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akafungua faili, akatafuta ule ukurasa wenye duara, akaugeuza ili auone. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Kamati ya maadili ilikaa mara mbili. Ilisifu kwamba amejitokeza mwenyewe, ikaamuru data zote ziharibiwe, tasnifu isipokelewe, na akitaka kuendelea aanze upya na mada nyingine. Madodoso hamsini na mawili aliyapitisha kwenye mashine ya kusaga karatasi ya dukani, moja moja, huku mwanafunzi mmoja akimsubiri ambanie kitabu chake kwa ringi.

Kwa msusi alipita mara nyingi bila kuingia. Mara moja aliingia. Msusi alikuwa anamaliza mistari ya nyuma ya mteja, kitana mdomoni. Alikitoa, akasema bila kugeuka, "Nimepata nusu yangu. Nusu nyingine naitafuta kwa vidole. Sina neno na wewe, lakini usikae hapa, nikikuona mkono unatetemeka na huu ni mstari mwembamba." Mama Chapa akatoka.

Alipumzika mwaka mzima. Alipojiandikisha tena, msimamizi alikuwa yuleyule. Mada mpya ilihusu kasi ya kompyuta chakavu zinapohamisha mafaili makubwa.

"Wahojiwa wangapi?" msimamizi akauliza, kalamu tayari.

"Hakuna hata mmoja. Ni mashine tu."

Msimamizi alimtazama, safari hii kwa muda mrefu kuliko salamu zake zote, akaandika sifuri.

Ilikuwa tasnifu fupi, safi, isiyo na uti wa mgongo. Aliitetea kwa dakika ishirini, ikapita. Wenzake wa dukani waliigharimia jalada gumu, na herufi za dhahabu alizigonga mwenyewe.

Na mumewe? Wako pamoja. Watu wengi walitarajia vinginevyo. Fundi bomba humtembelea mdogo wake kila mwezi, na akirudi hasemi alichokiona, naye Mama Chapa haulizi. Wiki chache baada ya hukumu alimwuliza mkewe, wakiwa wanakunja shuka pamoja, kila mmoja ameshika ncha mbili, kama ipo siku atamsamehe.

"Nilishakusamehe," Mama Chapa alimwambia. "Wewe ulinifanyia hivyo kwa sababu ulinipenda, najua. Hilo ndilo linalonishinda. Angekuwa adui ningejua pa kumweka."

Wakakutanisha ncha, Mama Chapa akazichukua zote nne, akaendelea kukunja mwenyewe.

Siku ya kutetea tasnifu ile ya pili alimkuta mumewe akimsubiri nje ya jengo, amevaa shati la sikukuu, mikono ameisugua hadi imekuwa myekundu. Walitembea pamoja kuelekea nyumbani. Alimuuliza jopo lilikuwa na watu wangapi, akamwambia watatu. Akamuuliza walimwuliza nini. Zamani angemwigizia kila mmoja wao, sauti na kikohozi, hadi wafike mlangoni.

"Mambo ya kawaida," alisema, wakavuka barabara.